Maziwa ya Nyayo na seli za Nyayo House

Kijana wa dadangu ana miaka 23. Juni 25 mwaka 2024 alikuwa kwenye maandamano katikati ya jiji la Nairobi na bendera mabegani, anakimbizwa na vitoza machozi kama wenzake, akarudi nyumbani usiku kwa miguu macho mekundu sauti imekauka. Sasa juzi huyo huyo katuma kwa grupu ya familia picha ya Mzee Moi, rais wetu wa zamani, ameshika ile rungu yake, na chini kaandika "bora enzi za huyu, kulikuwa na adabu na nchi ilikuwa imetulia". Kijana mwenyewe kazaliwa 2002, mwaka ule ule Moi anafunga virago Ikulu. Mjomba wetu, mwalimu mstaafu, akamjibu maneno mawili tu, "Wewe hujui", na grupu ikawa kimya.

Nimebaki nikijiuliza huyu kijana anawezaje kuwa barabarani mchana akidai haki, halafu usiku anatamani serikali ambayo ingemtia ndani kwa hio bendera tu. Lakini nikimsikiliza vizuri naona ana hoja, na hoja zake ndio za watu wengi sana siku hizi, kwa hivyo hebu tuzipime, zake na za mjomba, bila kupendelea. Sawa, nitapendelea kidogo lakini nikifika hapo nitasema.

Tuanze na kijana. Mimi nilikunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni ambayo serikali ya Moi iliyaita kwa jina la kaulimbiu yake. Wa rika langu mnajua, ile pakiti ya pembe tatu, kreti zimeshushwa asubuhi zikakaa juani kwa hivyo unayapata ya uvuguvugu, unang'ata kona na meno, ukimaliza unaipuliza karatasi unaikanyaga ipasuke pwaa mwalimu ageuke. Mpango ulianza 1979, Moi bado mgeni kitini, na kuna watoto darasani kwetu walikuja shule siku za maziwa peke yake, hio siwezi kuikana. Kabla ya hapo, Desemba 1978, alikuwa ameachilia wafungwa wa kisiasa aliowakuta ndani, akina Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney ambao walibebwa na polisi palepale bungeni mwaka 1975. Chuo Kikuu cha Moi kikafunguliwa 1984, baadaye Kenyatta na Egerton navyo vikawa vyuo vikuu kamili, na kuna familia nyingi Kenya hii ambazo mtu wa kwanza kuvaa joho alivaa wakati huo.

Halafu majirani. Hii ndio hoja yao nzito na tunaomlaumu Moi huwa tunairuka. Angalia ramani ya miaka hio: Uganda imetoka kwa Amin ikaingia vita vya Luwero, Ethiopia iko chini ya Mengistu, Sudan inapigana, Somalia inaanguka kabisa Januari 1991, Rwanda 1994 sihitaji kueleza. Wote hao wakitoroka walikuwa wanakimbilia wapi? Dadaab ilifunguliwa 1991 na Kakuma 1992. Mtu anaposema "Moi alishika nchi" ana maana kwamba sisi tulikuwa tunapokea wakimbizi badala ya kuwa wakimbizi, na mtu aliyelala usingizi wakati jirani anachomewa nyumba ana haki ya kushukuru.

Naongeza hoja nyingine ambayo watetezi wake wenyewe huisahau. Pingu Moi alizikuta ukutani. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilikuwepo tangu 1966. Chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku 1969 na Jaramogi Oginga Odinga akatiwa ndani na serikali ya Kenyatta. Pio Gama Pinto aliuawa 1965, Tom Mboya 1969, JM Kariuki 1975. Kwa hivyo ukimwambia mtu Moi ndiye aliyeharibu Kenya iliyokuwa safi, hapo unadanganya.

Sasa twende kwa mjomba.

Watu wakisikia utawala wa kimabavu wanafikiria vifaru na askari kila kona. Nakuru niliyokulia haikuwa na vifaru, ilikuwa na picha. Kila duka, kila kinyozi, kila hoteli ya chai na mandazi, picha ya rais ndani ya fremu, na iko juu kuliko kalenda, juu kuliko picha ya harusi ya mwenye duka. Nakumbuka fundi cherehani mmoja mtaani kwetu ambaye kioo cha picha yake kilipasuka, na yule mzee alikuwa anakimbia huku na huku kutafuta kioo kingine kabla watu hawajatoka kazini jioni. Nani angemshtaki? Hajui, na ndio maana alikuwa anakimbia. Kulikuwa na vijana wa Kanu, chama tawala, stendi na sokoni wanauliza kadi ya chama, huna kadi hupandi gari. Kulikuwa na chifu. Harambee inataka leseni, mkutano unataka leseni. Taarifa ya habari saa moja lazima ianze na Mtukufu Rais hata kama kutwa nzima alipanda mti mmoja tu.

Mjomba alikuwa na redio ya betri. Ikifika saa ya BBC anafunga dirisha, anashusha sauti mpaka unasikia tu kama nyuki ndani ya kopo, anaweka sikio. Sisi watoto tulifundishwa mapema kwamba yanayosikika hapa hayaendi shule. Serikali haikuhitaji kutuma askari nyumbani kwetu, tayari tulikuwa tunajilinda wenyewe.

Ilifikaje hapo? Hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa halali kwa karatasi. Juni 1982, Jaramogi na George Anyona wakitaka kuanzisha chama kingine, bunge likapitisha kifungu cha 2A cha katiba, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Agosti 1 mwaka huo huo askari wa anga wakajaribu kupindua serikali, wakashindwa, na kuanzia hapo Moi hakumwamini mtu tena. Hapa niwe mkweli, kiongozi yeyote aliyeponea mapinduzi angekaza kamba. Lakini aliendelea kukaza kwa miaka kumi. Septemba 1984 akitoka Addis Ababa aliwaambia mawaziri wake waimbe kama kasuku, yeye akiimba nao waimbe vivyo hivyo, akasema hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyomwimbia Kenyatta. Hakusema kwa siri, aliyasema hadharani kama kitu cha kawaida! 1986 mwanasheria mkuu akaondolewa ulinzi wa kazi yake, 1988 majaji nao wakaondolewa, ikawa rais anaweza kumtoa jaji kama unavyomtoa mlinzi wa geti.

Halafu mlolongo, 1988. Vijana hawaamini nikiwaambia. Uteuzi wa Kanu, na uteuzi ndio ulikuwa uchaguzi kwa sababu chama ni kimoja, ulifanywa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea ama picha yake. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Mwajiri wako anakuona, chifu anakuona, unayemdai anakuona. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 anapita moja kwa moja bila hata kura ya siri baadaye. Na bado waliiba! Mstari mrefu ukatangazwa umeshindwa na mfupi mchana kweupe watu wakiwa bado wamesimama. Mjomba alisimama kwenye mstari ambao haukutakiwa. Baada ya muda mfupi akapata barua ya uhamisho, shule iko mbali ya kupanda magari matatu na kipande cha mwisho kwa miguu, akakaa huko miaka minne. Barua haikutaja mlolongo, ilisema tu "kwa manufaa ya kazi".

Hio ni adhabu ndogo. Kubwa ilikuwa Nyayo House.

Nilienda pale miaka ya nyuma kutafuta paspoti, maana ofisi ya uhamiaji iko hapo hapo, kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Unasimama foleni, umeshika stakabadhi, kuna mama ana mtoto analia, kuna kijana anauza plastiki za kufunikia vitambulisho, jambo la kawaida kabisa. Na chini ya miguu yako ndio zile seli. Katikati ya miaka ya 80, msako wa Mwakenya, kundi la siri la kupinga serikali, ulipopamba moto, walimu na wanafunzi wa chuo kikuu, mawakili, waandishi wa habari, hata wakulima, walibebwa macho yamefungwa, wakazungushwa na gari mjini wasijue wanapelekwa wapi, kumbe ni hapo katikati ya jiji, jengo ambalo matatu zinapita nje zikipiga honi. Walionusurika wamesimulia mahakamani: unavuliwa nguo, seli inamwagiwa maji na mpira mpaka yanakaa sakafuni, unakaa humo siku kadhaa ngozi ya nyayo inaanza kuoza, halafu unapandishwa na lifti hadi ghorofa za juu kabisa kuhojiwa na kupigwa, unarudishwa majini. Wakikubali "kosa" wanapelekwa kortini jioni saa za kazi zimeisha, hakuna wakili, wanahukumiwa dakika chache wanaelekea jela. Peter Karanja, mfanyabiashara wa Nakuru, alikufa mikononi mwao 1987. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru watu 21 walipwe fidia kwa mateso hayo, kwa hivyo mtu akikwambia ni porojo za upinzani mwambie ni hukumu ya mahakama ya Kenya.

Na kabla ya hapo Wagalla, Wajir, Februari 1984. Jeshi likakusanya wanaume wa jamii ya Degodia kwenye uwanja wa ndege, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, wengine wakapigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Walionusurika wanahesabu mamia na wengine wanasema zaidi ya elfu. Nalitaja hili kwa sababu hio "nchi ilikuwa imetulia" ya kijana wetu inategemea ulikuwa unaishi wapi. Nakuru tulikuwa tunapasua pakiti za maziwa.

Hapa ndipo nafika kwenye upendeleo wangu. Watu wengi wanafanya hesabu kama ya mizani, maziwa upande huu, seli upande ule, vyuo vikuu hapa, Wagalla pale, halafu wanaangalia kipi kizito. Mimi naona hio hesabu imekosewa tangu mwanzo maana vyote vilitoka kwa mkono mmoja, na ule mkono haukuwa na mtu wa kuuliza. Maziwa yalikuja kama zawadi ya Mtukufu Rais na shuleni tulifundishwa kushukuru. Miaka ya 90 yakaanza kuchelewa, yakawa ya mara moja moja, mwishowe yakakoma, na hakuna mzazi aliyeenda popote kuuliza yako wapi, kwani utauliza vipi zawadi? Ile sauti iliyotangaza maziwa ndio iliyotangaza watu wa kuzuiliwa, na kama huna pa kulalamikia hili huna pa kulalamikia lile.

Na hata mageuzi yenyewe tumesimuliwa kama zawadi. Desemba 3 mwaka 1991, Kasarani, wajumbe wa Kanu wamekuja, wasemaji wanapokezana kusifu chama kimoja na kuwatukana wanaotaka vyama vingi, halafu Moi anasimama anawaambia kifungu cha 2A kinaondolewa. Hebu fikiria sura za wale waliokuwa wametoka kuimba! Wiki moja baadaye bunge hilo hilo likakifuta. Watetezi wanasema unaona, mzee alisikiliza, dikteta gani anafanya hivyo? Wengine wanasema hapana, ni wazungu, kwa sababu mwisho wa Novemba wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya kwa miezi sita, na hazina ilikuwa haina kitu. Wote wawili wana ukweli kiasi. Bila Paris sidhani ingekuwa Desemba ile, pengine ingekuwa miaka mitatu baadaye. Lakini wafadhili hao hao walikuwa wamemlipa Moi miaka yote ya Vita Baridi, Nyayo House ikifanya kazi, na hawakuona shida. Kilichowafanya waanze kuona aibu ni watu wa hapa.

Mei 3 mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote wamekuwa mawaziri, matajiri, wangeweza kunyamaza wale mali yao, waliita waandishi wakasema wanataka vyama vingi. Mwanzoni mwa Julai wakakamatwa. Julai 7 watu wakaenda uwanja wa Kamukunji, Nairobi, hivyo hivyo, bila viongozi, bila leseni, ikawa Saba Saba, watu zaidi ya 20 wakauawa. Matiba akapata kiharusi kizuizini na hakuwa mtu yule yule tena mpaka alipokufa 2018. Askofu Alexander Muge aliambiwa na waziri mmoja hadharani kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai, akaenda, Agosti 14 mwaka 1990 akafa kwenye ajali barabarani akirudi. Hata ile kamati ya Kanu yenyewe, ya makamu wa rais Saitoti, iliyozunguka nchi mwaka huo ilishtuka, ilienda kusikiliza sifa ikakutana na wananchi wa kawaida wanasimama mbele ya maikrofoni wanasema mlolongo ni wizi. Kwangu hapo ndipo hofu ilianza kuvuja, mjomba hakuwa tena peke yake na redio yake.

Na wale akina mama. Mwisho wa Februari 1992, 2A imeshafutwa, lakini vijana wao bado wako jela kwa kesi za kisiasa. Mama hao wazee wakaenda Uhuru Park wakaketi, wakakataa kula. Wangari Maathai alikuwa nao. Machi 3 polisi wakaja na virungu na gesi, Wangari akapigwa akazirai, na wale mama wakavua nguo. Mtu wa huku anajua maana ya hilo, mama wa umri wa kukuzaa akikuvulia nguo ni laana, na askari wengine waligeuza nyuso. Wakahamia kanisa la All Saints wakakaa humo mwaka mzima hivi, mpaka wengi wa watoto wao wakatoka. Paris haikuwa na habari na hio.

Sasa nirudi upande wa kijana, kwa sababu sitaki ionekane kama waliopigania walikuwa malaika. Moi alikuwa anasema kila siku kwamba vyama vingi vitaleta ukabila na damu. Na kweli damu ilikuja. Kuanzia Oktoba 1991 Bonde la Ufa likawaka, Molo, Burnt Forest, mpaka 1993 watu kama 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kufukuzwa makwao. Nilikuwa na miaka 14, nakumbuka malori yanaingia Nakuru na magodoro na kuku na wazee, watu wamelala uwanja wa kanisa. Babangu mwenyewe, mtu wa Kanu mwaminifu, alisema "si mzee alisema?" Miaka mingi niliamini hivyo. Ila kamati ya bunge ya Kennedy Kiliku, bunge ambalo wote ni wa Kanu, iliripoti mwaka 1992 kwamba wanasiasa wakubwa wa chama walihusika kuchochea na kufadhili. Kwa hivyo ule utabiri ulitimizwa na watu wa mtabiri. Hata hivyo siwezi kusema ukabila uliletwa kwa lori kutoka Ikulu. Mashamba, chuki za tangu uhuru, ndoa zilizokataliwa, hayo tulikuwa nayo wenyewe, miaka yote yamefunikwa na kifuniko.

Upinzani nao! FORD, ule muungano wa wapinzani, ilikuwa nchi nzima, vidole viwili juu, kila mtu. Ikapasuka kabla ya uchaguzi, Jaramogi huku, Matiba kule, Kibaki na chama chake cha DP. Desemba 1992 Moi akashinda na asilimia 36, Matiba 26, Kibaki 19, Jaramogi 17 na kitu. Jumlisha mwenyewe. Ni kweli uchaguzi ulichafuliwa, wagombea walizuiwa kupeleka makaratasi, pesa zilimwagwa mpaka noti ya 500 ikapewa jina la Jirongo, yule kijana wa YK'92, kikundi cha vijana wa kumpigia Moi kampeni, na mwaka uliofuata bei zikapanda watu wakaona moto. Lakini wizi huo haungetosha kama wale wazee watatu wangekubali mmoja wao awe wa pili. 1997 upinzani ukarudia kosa lile lile kama mwanafunzi wa kurudia darasa. Nikiambiwa wapigania demokrasia hawakuwa na demokrasia ndani ya vyama vyao, nakubali bila ubishi. Ninachouliza tu ni wangejifunzia wapi, maana miaka kumi ukipinga ndani ya Kanu unafukuzwa, na aliyelelewa hivyo akipata chama chake anakiendesha vile vile.

Hoja ya mwisho ya watetezi, na kwangu ndio yenye nguvu kuliko maziwa: aliondoka. Desemba 30 mwaka 2002, Uhuru Park, umati umejaa mpaka juu ya miti, watu wanamzomea, wanarusha tope kwa msafara wake, na yule mzee akaketi, akasoma hotuba yake, akakabidhi mamlaka, akamsikiliza Kibaki aliyekuwa kwa kiti cha magurudumu akimwambia amerithi nchi iliyoharibiwa na miaka ya utawala mbaya. Akaenda zake nyumbani Kabarak. Najua watu watasema kikomo cha mihula miwili kiliwekwa na yale mageuzi ya chama kingi, kwa hivyo hata kuondoka kwake kulilipiwa na akina Matiba. Ni kweli. Lakini kikomo kama hicho Museveni alikifuta 2005, na Burundi 2015 Nkurunziza akapita juu yake na watu wakafa. Karatasi peke yake haimtoi mtu Ikulu. Moi angeweza kujaribu na akaacha, na hapo nampa haki yake yote bila kinyongo.

Jirani zetu Tanzania walipita njia nyingine, Nyerere mwenyewe aliyejenga chama kimoja ndiye alianza kusema 1990 kwamba mjadala wa vyama vingi si dhambi, tume ya Jaji Nyalali ikakuta watu wengi, kama asilimia 80, bado wanataka chama kimoja, na bado ikapendekeza vingi. Huwa nawaza Moi angefanya hivyo 1988 badala ya mlolongo ingekuwaje. Labda hata Molo isingewaka. Ama labda ingewaka tu mapema.

Yaliyofuata mnayajua. 2007 tuliuana, zaidi ya watu 1,100, na hapo hapakuwa na Moi wa kulaumiwa, walikuwa ni mashujaa wetu wa 2002 wawili wanagombania kiti. 2010 tukapata katiba mpya. Halafu 2024 vijana wakaingia barabarani kwa ajili ya mswada wa fedha, tume ya haki za binadamu ikahesabu vifo 60, na kufika Desemba watu 82 walikuwa wametekwa na watu wasiovaa sare na magari yasiyo na namba. Saba Saba ya 2025, miaka 35 kamili, ikaua tena zaidi ya 30. Rais William Ruto naye alianzia siasa kwenye YK'92 ya Moi. Kwa hivyo kijana wa dadangu akisema "bora Moi" nadhani anachosema ni kwamba kama ni kubebwa tunabebwa bado, kama ni kuibiwa tunaibiwa bado, basi angalau turudishiwe maziwa. Hoja hio siwezi kuipuuza. Tofauti niliyomwonyesha ni moja tu, kwamba hizo namba 60 na 82 zimetolewa na tume ya serikali yenyewe, kwa jina, zikasomwa kwa redio saa moja. Wagalla tulisikia baada ya miaka.

Akaniuliza, "Na hao waliosomwa kwa redio, wamerudi?" Nikamwambia wengine wamerudi, wengine hawajarudi.

Jana usiku mjomba aliandika. Niliona kwa simu anaandika, anaacha, anaandika, dakika kama ishirini, kisha ikaingia ndefu sana, inaanza "Mwaka 1988 nilisimama nyuma ya mgombea fulani nikaona gari jeupe limeegeshwa chini ya mti" nikawa natafuta miwani nisome vizuri. Niliporudi palikuwa pameandikwa ujumbe huu umefutwa. Nikampigia. Akasema ameona heri akija Krismasi atueleze kwa mdomo, hizi simu huwezi kujua nani anasoma.